Hesabu Kabla ya Kiangazi

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Mithali 27:23-27, Luka 14:28-30)

 Nawasalimu ninyi mlioketi nyumbani, nanyi mlio njiani na mifugo, nanyi mlio dukani mkingoja mteja wa kwanza. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawalitazamii kutoka kinywani mwa mchungaji. Nataka tuzungumze juu ya daftari, kalamu, na fedha ya nyumbani.

Mwezi wa sita mwaka 2023 nilikwenda Biliqo, katika kaunti ndogo ya Merti, kaunti ya Isiolo. Wanaopajua wanajua kwamba Biliqo ni nchi ya Waborana, watu wa ng'ombe, mbuzi na ngamia, na kwamba maisha ya huko yanautegemea mto Ewaso Nyiro. Majirani wengi ni ndugu zetu Waislamu. Wakristo ni wachache: mwalimu, mhudumu wa afya, askari, na jamaa zao. Ibada yetu siku ile haikujaza chumba kimoja cha darasa. Mvua ilikuwa imerudi mwezi wa tatu, nyasi zimeota, na watu walikuwa wameanza tena kucheka. Lakini mtu akitembea nje kidogo ya kijiji aliona mifupa. Toka mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo, na katika nchi yetu mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa.

Baada ya ibada, mama mmoja mjane akaniomba nifike dukani kwake. Ni duka dogo la mabati: sukari, majani ya chai, unga, mafuta ya kupikia, sabuni, betri za tochi. Nilipoingia niliona rafu zimekuwa tupu kama meno ya mzee. Akaniwekea kiti, akanipa chai, kisha akatoa daftari chini ya meza akalifungua mbele yangu.

"Pasta," akasema, "nina swali moja tu, na nataka unijibu kwa Neno la Mungu. Je, ni dhambi kumnyima jirani mwenye njaa kitu ambacho kiko hapa kwenye rafu?"

Nikatazama daftari. Kurasa kwa kurasa zilikuwa za madeni. Fulani, unga pakiti mbili. Fulani, sukari nusu kilo. Mama fulani, mafuta, atalipa mvua ikinyesha. Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mtu aliyesoma theolojia miaka mingi aliketi pale akinywa chai ya mjane, asijue la kusema. Kwa maana nikisema si dhambi, je, yule tajiri na Lazaro mlangoni pake? Na nikisema ni dhambi, duka lile lingefungwa kabla ya Krismasi, na mtoto wake angeacha shule.

Basi nikamwambia, "Mama, kabla sijajibu, tuhesabu kwanza." Tukahesabu mpaka jua likaelekea kuchwa.

Sikilizeni hesabu yenyewe, maana naitoa kwa ruhusa yake. Mwezi wa nane mwaka 2022 alikuwa na mtaji wa shilingi 60,000. Kwa wastani aliuza bidhaa za shilingi 48,000 kwa mwezi. Kununua bidhaa hizo kwa jumla pamoja na nauli ya mzigo kwenye lori kulimgharimu 40,000. Faida yake basi ilikuwa 8,000. Lakini chakula cha nyumbani alichokitoa kwenye rafu kilikuwa 6,000 kwa mwezi. Karo ya mwanawe ilikuwa 36,000 kwa mwaka, maana yake 3,000 kwa mwezi. Jumla 9,000. Tayari alikuwa ametumia 1,000 zaidi ya faida. Tena, katika yale mauzo ya 48,000, kila mwezi shilingi 3,500 zilikuwa za deni ambalo halikurudi. Kwa hiyo duka lilipoteza 4,500 kila mwezi. Kwa miezi kumi ni 45,000. Toa katika 60,000, zinabaki 15,000.

Yule mama akatazama rafu zake, akahesabu kwa macho, akasema polepole, "Ni kweli. Zimebaki kama elfu kumi na tano." Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Pasta, mimi kila usiku nilikuwa nikifunga kwa kufuli mbili. Nilidhani ni mwizi."

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari mama huyu alikuwa nalo, lakini lilikuwa daftari la kukumbuka madeni ya watu. Daftari la kumwonyesha hali ya nyumba yake hakuwa nalo.

Msikilizaji mpendwa, ukifungua Mithali sura ya 27, kuanzia mstari wa 23, utaona kwamba mwenye hekima anazungumza na mfugaji. Anamwagiza ajitahidi kujua vema hali ya mifugo yake na kuiangalia kwa moyo, kwa sababu mali haidumu milele. Kisha anataja nyasi zinazoondolewa na nyasi zinazochipuka, kondoo wa kumpa mavazi, mbuzi wa kulipia shamba, na maziwa ya kuwatosha watu wa nyumbani. Hiyo ni bajeti, ndugu zangu! Iliandikwa kabla ya benki na kabla ya simu za kutuma fedha. Yaonyesha kilichopo, kitakachokuja, kitu gani kitalipia kitu gani, na nani atakula.

Naye Bwana Yesu, katika Luka 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Anauliza kama hataketi kwanza apige hesabu ya gharama. Chuoni tulifundishwa kwamba neno la Kiyunani alilolitumia Luka pale kwa kuhesabu latokana na neno la kijiwe, kwa maana watu wa kale walihesabu kwa kupanga vijiwe. Basi Bwana anasema, keti kwanza, panga vijiwe vyako.

Nami nina ushuhuda wangu wa aibu juu ya maneno hayo. Katika miaka yangu ya kwanza ya utumishi niliongoza ushirika mmoja kujenga kanisa la mawe. Tulifanya harambee, watu wakaahidi kwa furaha, nami nikaandika kila ahadi kama fedha iliyo mkononi. Nilipoonywa na mzee mmoja wa kanisa, nilimwambia kwamba hana imani. Kuta zikasimama. Paa halikupatikana miaka minne. Mvua ikaingia ndani, upande mmoja ukaanguka, na mbuzi wakafanya mle makao yao. Watu waliopita walicheka, sawasawa kama Bwana alivyosema katika mstari wa 29 na wa 30. Yule mzee hakunicheka. Alikuja na kamba akatusaidia kupima upya. Nilijifunza siku ile kwamba nilikuwa nimeita uvivu wangu wa kuhesabu kwa jina la imani.

Labda mtu atasema, "Lakini Bwana alikataza kusumbukia ya kesho." Ni kweli, Mathayo 6. Lakini kusumbuka ni jambo moja, na kupanga ni jambo lingine. Asiyepanga ndiye anayekesha usiku akisumbuka. Tazameni Yohana 6. Kabla ya muujiza, Filipo anakadiria gharama na kuona kwamba dinari 200 hazitoshi. Andrea anahesabu kilichopo: mikate mitano, samaki wawili. Na baada ya watu kushiba, yeye Bwana mwenye uwezo wa kuzidisha mikate anaagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu. Wakapata vikapu 12. Aliyeweza kuumba mikate hakudharau mabaki.

Sasa nirudi Biliqo. Tulipokuwa tungali katika hesabu, mzee mmoja jirani aliingia kununua majani ya chai. Ni Mwislamu, tena ni mmoja wa wazee wa dedha. Dedha ni mpango wa kale wa Waborana wa kutunza malisho, nao wazee wake ndio wanaosema mifugo ilishe wapi na lini. Mama akamkaribisha, akamwambia, "Mzee, hata wewe ni jirani yangu. Mjibu Pasta kwa niaba yangu. Je, ni dhambi kumnyima jirani?"

Mzee akaketi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, wakati wa mvua, ganna ikinyesha, ng'ombe wanataka kubaki karibu na mto. Nyasi za huko ni tamu. Sisi tunawakataza. Tunawapeleka mbali, kwenye maji ya mvua, ili nyasi za mto zingoje kiangazi. Tena kuna malisho mengine ambayo hata kiangazi cha kawaida hatuyagusi. Hayo ni ya ukame mkubwa. Sasa niambie, tunapomkataza ng'ombe, tunamchukia?"

Mama akasema, "Hapana, Mzee."

"Tunamkataza leo ili tuwe na cha kumpa siku atakapokufa njaa. Duka lako umelilisha lote wakati wa mvua."

Halafu akaongeza jambo la pili. Alisema kwamba kwao mtu akipoteza mifugo yote, iko desturi iitwayo busa gonofa. Watu wa ukoo huketi, husikiliza shida yake, na kila mmoja hutoa kiasi chake mpaka mtu yule apate pa kuanzia. "Hatumwachii mtu mmoja abebe," akasema. "Akibeba mmoja, kesho tutakuwa na maskini wawili."

Wapendwa, mimi niliyekuwa mhubiri siku ile niliketi nikawa msikilizaji. Nilimkumbuka Yusufu, katika Mwanzo 41, akiweka sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe. Je, Yusufu aliwanyima Wamisri? Ghala iliyofungwa miaka ya shibe ndiyo iliyofunguliwa miaka ya njaa. Na watu hawakuwa Wamisri tu, kwa maana hata ndugu zake walitoka Kanaani wakapona kwa akiba ile.

Basi jioni ile tukaketi tena, mama na mimi, tukaandika mpango mpya. Nataka niueleze ili yeyote mwenye nyumba, au duka, au mradi wa kanisa, aone namna ya kuanza.

Kwanza, tuliandika fedha iliyo kweli, si ile tuliyoitamani. Duka limepungua, kwa hiyo faida tuliiandika 5,000 kwa mwezi. Madeni ya 35,000 yaliyo kwa watu hatukuyahesabu kabisa kama mapato. Yakirudi, tutamshukuru Mungu.

Pili, tulitenga kisanduku cha duka na mfuko wa nyumba. Kitu kikitoka kwenye rafu kwenda jikoni, kinaandikwa na kulipiwa kama cha mteja mwingine. Chakula kikawekewa kikomo cha 3,500, na maziwa yatoke kwa mbuzi wake.

Tatu, tulihesabu kwa majira badala ya kuhesabu kwa mwezi peke yake. Mtu mwenye mshahara aweza kupanga kwa mwezi. Lakini mfugaji na mkulima hupata kwa msimu, na hesabu ya mwezi humdanganya. Mama alikuwa na mbuzi 18 waliosalia. Wengi wetu hukataa kuuza wakati mnyama amenona, kwa sababu twapenda kumtazama. Tunauza ukame ukishafika, wakati kila mtu anauza, bei ya mbuzi imeanguka na bei ya unga imepanda. Hapo mbuzi aliyeweza kulisha nyumba wiki nyingi hulisha siku chache. Basi tukaandika: mbuzi watatu wauzwe mwishoni mwa ganna, na watatu mwishoni mwa hagaya, ile mvua ya mwisho wa mwaka, wakiwa wamenona. Kwa bei ya 6,000 kila mmoja, ni 36,000. Hiyo ndiyo karo ya mwaka mzima, nayo haigusi duka tena.

Nne, tulitenga fungu la kiangazi kabla ya mafungu mengine. Shilingi 500 kila mwezi za akiba, na 500 za kuongeza mtaji. Ni kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Wengine wenye mifugo mingi wanaweza kuandika hapa pia malipo ya bima ya mifugo. Bima hiyo ilianzishwa Marsabit mwaka 2010, nayo hupima ukavu wa malisho kwa satelaiti.

Tano, tulitenga fungu la kutoa. Shilingi 500 kwa mwezi, sadaka na msaada. Hapa ndipo mama alipolia. Alisema, "Pasta, 500 tu? Na wakija watu kumi?" Nikamwambia, "Mama, wakija kumi, mpeleke Mungu hesabu yako, na uwaite majirani mkae kama alivyosema Mzee. Fungu hili ni lako kulitoa kwa moyo mweupe. Likiisha, useme limeisha, wala usidanganye kwamba sukari hakuna huku iko chini ya meza." Kwa maana, ndugu zangu, yeye alikuwa ameanza kuficha bidhaa. Ukosefu wa mpango ulikuwa umeanza kumfundisha uongo.

Jumla yake: 3,500, na 500, na 500, na 500. Ni 5,000 kamili. Hakikubaki kitu, wala hakikupungua kitu.

Mtaniuliza kama mambo yalikwenda vizuri. Nitawaambia ukweli. Wengine walilipa madeni kidogo kidogo. Mmoja alileta mbuzi. Wengine mama aliwasamehe, akafuta majina yao kwa kalamu mbele ya macho yao. Lakini jirani mmoja, rafiki yake wa miaka mingi, aliponyimwa deni jipya alikasirika, na hakumsalimu kwa miezi mitano. Mama aliniambia kwamba ukimya ule ulimwuma kuliko hasara ya fedha. Usidhani kwamba kupanga hesabu hakuna msalaba wake.

Kisha mwisho wa mwaka ule wa 2023 mvua ikaja kwa nguvu, mto ukafurika, barabara ikakatika, na malori yakakaa siku nyingi bila kufika. Mama alikuwa amenunua unga wa ziada kwa zile shilingi za akiba. Akauuza kwa bei ile ile ya kila siku, bila kupandisha, na kwa wasio na kitu akatoa katika fungu la kutoa. Siku moja yule rafiki yake akaja. Aliweka mezani shilingi 200 za deni la zamani, akaomba pakiti moja ya unga. Mama akampa mbili. Hawakusema mengi. Lakini kulikuwa na kitu cha kutoa.

Basi, msikilizaji mpendwa, swali la yule mama nalileta kwako. Usiulize tu, "Je, nimnyime jirani?" Jiulize, "Je, naijua hali ya kundi langu?" Usiku wa leo, baba na mama, ketini pamoja. Msifichane. Wako waume ambao wake zao hawajui wanadaiwa nini, na wako wake wanaoogopa kutaja bei ya unga. Kukopa harusi, kulipa matanga. Basi deni lisemwe mezani kungali mapema. Chukueni karatasi. Upande mmoja andikeni kinachoingia kweli, msimu kwa msimu. Upande wa pili andikeni chakula, karo, deni, akiba ya kiangazi, na fungu la kutoa. Kama upande wa pili ni mrefu kuliko wa kwanza, msikasirikiane. Punguzeni, kisha mhesabu tena.

Kumbukeni yule mjane wa 2 Wafalme sura ya 4. Mungu alipomzidishia mafuta, Elisha hakumwambia ale tu na kushukuru. Alimpa utaratibu: uza, lipa deni, nawe na wanao muishi kwa kinachosalia. Muujiza ulifuatwa na hesabu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, mwenye kuleta mvua na kiangazi kwa wakati wake, tunakushukuru kwa kidogo tulicho nacho. Utusamehe tulipokitumia bila kukihesabu, na tulipoita uzembe wetu imani. Uwaangalie wajane, wafugaji waliopoteza makundi yao, na wote wanaodaiwa. Utupe ujasiri wa kusema kweli nyumbani mwetu, utupe hekima ya kuweka akiba, na mkono ulio wazi siku jirani anapobisha hodi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.